Uzi: Tawi la reli la Moshi–Arusha, na kwa nini hatima yake iliamuliwa Kahe

Wanajukwaa, salaam.

Kila reli ya Moshi hadi Arusha inapotajwa hapa, mjadala huishia kwenye ratiba na nauli. Ni maswali ya haki kwa msafiri, lakini yanatuacha bila kuielewa njia yenyewe: ilitoka wapi, inapita wapi, na ilikuwaje tawi lenye urefu wa kilomita 86 tu likajengwa, likanyamaza kwa miaka mingi, kisha likafufuliwa. Nimeanzisha uzi huu kwa ajili hiyo. Hoja yangu ni kwamba hatima ya tawi la Arusha haikuwahi kuamuliwa Arusha. Iliamuliwa Kahe, stesheni ndogo iliyo tambarare, takriban kilomita 20 kusini-mashariki mwa mji wa Moshi, ambako mzigo ulichaguliwa bandari ya kwendea, Tanga au Mombasa.

Tuanzie Tanga. Ujenzi wa reli ya Usambara ulianza mwaka 1893, chini ya kampuni ya Kijerumani iliyokusudia kuyafikia mashamba ya milimani na, kwa ndoto za wakati ule, Ziwa Viktoria. Ndoto ilikuwa kubwa na mfuko ulikuwa mdogo. Ilipofika mwaka 1896 reli ilikuwa imefika Muheza, kilomita zipatazo 40 tu kutoka baharini, na fedha zilikuwa zimekwisha. Serikali ya Ujerumani iliichukua njia hiyo mwaka 1899, ikaifikisha Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, Buiko mwaka 1909, na hatimaye Moshi mwaka 1911. Ufunguzi rasmi ulifanyika Februari 1912. Kutoka Tanga hadi Moshi ni kilomita 352, na ujenzi wake ulichukua miaka 18.

Ukiitazama ramani utaona kwamba wahandisi waliikwepa milima kwa makusudi. Baada ya Korogwe reli inafuata bonde la mto Pangani, ikiwa na Usambara, kisha Upare, upande wa kulia, na mto upande wa kushoto. Mombo, Mkomazi, Buiko, Hedaru, Makanya, Same na Lembeni ni vituo vya ukanda huo mkavu. Watu na mazao walikuwa juu milimani, lakini reli ilibaki chini kwa sababu kuijenga huko kulikuwa nafuu. Mzigo ndio uliolazimika kushuka kuifuata. Pale Mkumbara, kwa mfano, mbao za misitu ya Shume zilishushwa kwa kamba za chuma zilizotundikwa angani, zikapakiwa kwenye mabehewa. Nalitaja jambo hili kwa sababu tutalikuta tena upande wetu: reli inapita chini, watu wanaishi juu.

Mji wa Moshi tunaoujua leo ulikua kwa sababu ya stesheni. Boma na makao ya zamani yalikuwa juu mlimani, Old Moshi, na reli ilipoishia tambarare, biashara zilishuka na mji mpya ukajengwa kuizunguka.

Kisha ikaja vita. Novemba 1914, Waingereza walipoishambulia Tanga, Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, aliwashusha askari wake kwa treni kutoka eneo la Moshi na kuwahi mapigano. Waingereza walilielewa somo hilo vizuri. Mwaka 1915 walianza kujenga reli ya kijeshi kutoka Voi, kwenye njia ya Mombasa hadi Nairobi, kuelekea Taveta. Baada ya kuiteka Taveta na Moshi mwezi Machi 1916, waliisukuma hadi ikaungana na reli ya Wajerumani pale Kahe. Urefu wa kiungo hicho, kutoka Voi hadi Kahe, ni takriban kilomita 150.

Hapa kuna jambo ambalo ningeomba tulitafakari kwa utulivu. Mataifa mawili yaliyokuwa yakipigana yalikuwa yamejenga reli zenye upana uleule wa mita 1, kila moja kwa sababu zake na bila makubaliano yoyote. Kama upana ungetofautiana, kiungo cha Kahe kingekuwa mahali pa kupakua na kupakia upya, na huenda kingeachwa vita ilipokwisha. Kwa kuwa ulilingana, behewa lililopakiwa kahawa Moshi liliweza kufika Mombasa bila mfuko mmoja kuguswa. Reli iliyojengwa kwa ajili ya mizinga ikageuka kuwa reli ya biashara.

Ndipo Arusha inapoingia. Tangu Wajerumani walipojenga boma lao pale mwaka 1900, Arusha ilitegemea mikokoteni ya ng'ombe na barabara za msimu, na mvua za masika ziliweza kuutenga mji na soko lake. Waingereza walianza kuirefusha reli kutoka Moshi katika miaka ya 1920, na treni zikaifikia Arusha mwaka 1929. Bahati haikuwa upande wake, kwa sababu mwaka huohuo uchumi wa dunia uliporomoka, na bei za kahawa na katani, mazao ambayo reli za ukanda huu ziliyategemea, zikashuka vibaya.

Nitaendelea na njia yenyewe kwenye bandiko linalofuata.

—

Mwanzisha uzi (bandiko la pili)

Treni ikitoka Moshi kuelekea magharibi, inaanza mara moja kukata mito inayoshuka kutoka Kilimanjaro: Karanga, Weruweru na Kikafu. Mpita njia wa barabara kuu anaifahamu mito hii kwa mabonde yake makubwa, hasa la Kikafu, ambako magari hushuka na kupanda kwa tahadhari. Reli haiwezi kushuka na kupanda namna hiyo. Kichwa cha treni chenye mabehewa mengi nyuma yake hushindwa na mwinuko ambao basi huupanda bila shida, kwa kuwa gurudumu la chuma juu ya chuma lina mshiko mdogo. Kwa hiyo njia yetu imeshuka kusini ya barabara, kwenye nyanda za chini za Hai.

Baada ya hapo inafika Sanya Station, karibu na uwanja wa ndege wa KIA. Tafadhali tusiichanganye na Sanya Juu, ambayo iko mbali kaskazini, wilayani Siha. Wageni wengi wa historia hii hukosea hapo na kudhani kwamba reli ilizunguka nyuma ya mlima. Sanya Station iko kwenye mbuga ya upepo na vumbi, na kwa miaka mingi ilikuwa mahali pa mifugo kuliko mahali pa abiria.

Kutoka mbuga hiyo njia inaanza kupanda taratibu kuelekea miteremko ya Meru. Inapita Usa River na Tengeru, katikati ya mashamba ya kahawa na maua na vijiji vya Wameru, kisha inaingia Arusha kwa upande wa kusini wa mji. Moshi mjini iko kwenye mita zipatazo 800 juu ya usawa wa bahari, Arusha kwenye mita zipatazo 1,400. Maana yake ni kwamba tawi hili, ambalo ramani inalionyesha kama mstari mtulivu, linapanda mita 600 hivi, na sehemu kubwa ya mpando huo iko kwenye nusu ya mwisho. Hapo ndipo injini zilipofanya kazi ngumu, na ndipo mmomonyoko wa matuta ulipokuwa adui wa kila masika.

—

Mchangiaji kutoka Usa River

Mkuu, nakushukuru kwa uzi huu. Nina swali moja. Umesema kahawa ya Moshi ilikwenda Mombasa. Kwa nini isiende Tanga, wakati reli ya moja kwa moja ilikuwepo tangu mwanzo? Sisi tuliosoma shule za msingi huku tulifundishwa kwamba Tanga ndiyo bandari ya kaskazini. Je, Mombasa ilikuwa karibu zaidi?

—

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, umegusa kiini cha jambo. Umbali hautoshi kulieleza. Moshi hadi Tanga ni kilomita 352. Moshi hadi Mombasa kupitia Kahe na Voi ni karibu kilomita 330. Tofauti hiyo haiwezi peke yake kuihamisha biashara ya mkoa mzima.

Sababu kubwa ilikuwa bandari. Kilindini, bandari ya Mombasa, ilijengewa gati za maji ya kina katika miaka ya 1920, meli ikafunga ukingoni na mzigo ukatoka kwenye behewa kwenda melini. Tanga ilibaki bandari ya matishari kwa miongo mingi: meli inatia nanga mbali, matishari yanapeleka mzigo, unapandishwa kwa winchi, na kila hatua ina gharama yake, uharibifu wake na siku zake. Mwenye meli anayepanga safari ya Ulaya anataka bandari moja yenye mzigo wa kutosha, na Mombasa ilikuwa na mzigo wa Kenya na Uganda tayari. Kwa hiyo kahawa ya wakulima wa Kilimanjaro, ambao mwaka 1933 waliunda chama kikuu chao cha ushirika, KNCU, iliweza kukobolewa Moshi na kupimwa Moshi, lakini njia yake ya baharini ikaamuliwa na kina cha maji ya bandari iliyo nje ya Tanganyika.

Matokeo yake ni kwamba reli ya Tanga kati ya Kahe na Korogwe, ile sehemu ndefu na kavu ya Upare, ilipoteza mzigo wa thamani wa juu. Ilibaki na katani ya Tanga, Muheza na Korogwe, ambayo haikuhitaji hata kufika Same.

—

Mchangiaji, mstaafu wa reli, Korogwe

Nimesoma kwa makini. Ninaongeza kidogo kuhusu kazi yenyewe, kwa sababu vijana hudhani kwamba reli ikishatandikwa inajilinda.

Njia hii ni moja tu, treni mbili haziwezi kupishana isipokuwa kwenye stesheni yenye njia ya kupishania. Kwa hiyo dereva hakuruhusiwa kutoka stesheni yoyote kabla ya kukabidhiwa idhini mkononi kwamba njia iko wazi hadi stesheni inayofuata. Stesheni masta wa kituo kidogo cha porini, ambacho abiria alikiona hakina maana, alikuwa ameshika roho za watu. Stesheni hizo zilipofungwa moja baada ya nyingine, uwezo wa njia ulipungua hata kabla ya reli kuchakaa, kwa sababu nafasi za kupishana zilipungua pia.

Jambo la pili ni magengi, yaani vikundi vya wafanyakazi wa kutunza njia. Kila gengi lilikuwa na kipande chake cha njia, na kazi yao ilikuwa kutembea, kukagua, kukaza, kushindilia kokoto chini ya mataruma na kuzibua kalavati kabla ya mvua. Kalavati likiziba, maji hujaa upande mmoja wa tuta, tuta linalainika, na asubuhi unakuta reli inaning'inia hewani. Uharibifu mwingi wa reli huanza na takataka za majani kwenye kalavati ambalo hakuna aliyelipitia.

—

Mwanzisha uzi

Shikamoo mzee. Tumepata maelezo ambayo ramani haiwezi kutupa. Naomba uendelee kutusahihisha kila inapobidi.

Niendelee na miaka ya baadaye. Mwaka 1948 reli za Tanganyika ziliunganishwa na za Kenya na Uganda kuwa shirika moja la reli na bandari la Afrika Mashariki. Kwa tawi la Arusha huo ulikuwa wakati wa uhakika, kwa sababu mpaka wa Taveta haukuwa na uzito wowote kwenye hesabu za reli.

Mwaka 1963, baada ya uhuru, kulifunguliwa kiungo cha Ruvu hadi Mnyusi, chenye urefu wa takriban kilomita 188. Kabla yake, reli ya Tanga na reli ya kati zilikuwa nchi moja lakini mitandao miwili: behewa la Arusha lingeweza kufika Kisumu, na lisiweze kufika Dar es Salaam. Naona hatua hii haithaminiwi ipasavyo. Ndiyo iliyoifanya Arusha iwe sehemu ya reli ya Tanzania, na ndiyo inayotumika hadi leo treni ya abiria inapotoka Dar es Salaam: inakwenda Ruvu, inageuka kaskazini, inaikuta reli ya Tanga pale Mnyusi, kisha Korogwe, Mombo, Same, Moshi na Arusha. Na hapa tena, upana wa mita 1 ndio uliowezesha.

Halafu mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Shirika la Reli Tanzania likaundwa. Kwa miaka sita Kahe haikuwa tena njia panda ya bandari mbili. Tawi la Arusha lilibaki likitegemea Tanga, ambayo ilikuwa bado na matishari, na Dar es Salaam, ambayo ilikuwa mbali kwa reli kwa sababu ya mzunguko wa Korogwe. Wakati huohuo barabara iliimarika na malori yakaongezeka. Mpaka ulipofunguliwa, wafanyabiashara walikuwa wamekwisha kuizoea barabara, na mzoea njia harudi kirahisi. Katikati ya miaka ya 1990 treni ya abiria ikasimama, na ya mizigo nayo ikasimama baadaye. Ukodishaji wa shirika kwa kampuni ya India kati ya mwaka 2007 na 2011 haukuifufua njia ya kaskazini.

Ufufuo ulikuja kwa hatua. Treni ya mizigo ilirejea kati ya Tanga na Moshi Julai 2019, ya abiria kutoka Dar es Salaam ikafika Moshi Desemba 2019, na Oktoba 2020 ikafika Arusha. Watu walijipanga kando ya njia kuitazama, na si ajabu, kwa maana kijana wa Usa River mwenye umri wa miaka 20 alikuwa hajawahi kuona treni ya abiria ikipita kwenye reli iliyo nyuma ya nyumba yao.

—

Mchangiaji, mfanyabiashara wa nafaka, Moshi

Wakuu, mimi naongea kama mtu wa mzigo. Nikisafirisha mahindi kwa lori, lori linakuja hadi ghalani na linashusha kwa mteja. Treni inaniomba nikodi lori hadi stesheni, nipakue, nipakie, na kule mwisho nirudie tena. Hoja yako ya Kahe ni nzuri kwa historia, lakini leo inanisaidia nini?

—

Mwanzisha uzi

Swali lako ni la msingi, na gharama unazozitaja ni za kweli kila mahali duniani palipo na reli. Reli hushinda lori mzigo unapokuwa mzito, wa aina moja, wa mara kwa mara, na wa safari ndefu. Saruji, mbolea, mafuta, chuma na nafaka za wingi zina sifa hizo. Mifuko michache ya mahindi kutoka Moshi kwenda Same haina, na sioni sababu ya kumlaumu mfanyabiashara anayechagua lori.

Lakini tazama kilichobadilika Tanga. Katika miaka ya karibuni bandari imeongezewa kina na kujengewa gati lenye urefu wa mita 450, kiasi kwamba meli zinaweza kufunga ukingoni badala ya kungojea matishari. Lile jambo lililoipotezea Tanga mzigo wa Moshi kwa karibu miaka 100 limeondolewa. Hivyo kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1916, njia ya Tanga–Kahe–Moshi–Arusha ina bandari yake yenyewe, ndani ya nchi, bila mzunguko wa Ruvu na bila mpaka. Mbolea inayopanda kutoka Tanga inaweza kukutana na mazao yanayoshuka, na behewa lisirudi tupu. Behewa linalorudi tupu ndilo linaloiua nauli ya reli, kwa sababu mteja mmoja analipia safari mbili.

Kuhusu kiungo cha Voi, nadhani zama zake zimepita. Kenya imejenga reli mpya ya upana wa milimita 1,435 kupita Voi, na sisi tumejenga ya upana huohuo kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Reli yetu ya kaskazini imebaki na mita 1. Mpango wa reli ya kisasa kutoka Tanga hadi Arusha na kuendelea Musoma umekuwa ukizungumzwa kwa miaka mingi, na ndani yake mna ndoto ileile ya mwaka 1893 ya kulifikia Ziwa Viktoria. Hadi utakapotekelezwa, maoni yangu ni kwamba fedha za kutunza njia iliyopo, hasa madaraja na makalavati ambayo mzee wetu wa Korogwe ameyataja, zitumike kwanza Tanga hadi Moshi kwa ajili ya mizigo, na tawi la Arusha litafaidika kwa kuwa mwishoni mwa njia iliyo hai.

—

Mchangiaji, mwanafunzi, Arusha

Samahani kaka, je, reli hii ya Tanga ilikuwa na matawi mengine? Na mtu akitaka kuifuata njia ya Moshi hadi Arusha kwa macho, akae upande gani?

—

Mwanzisha uzi

Lilikuwepo tawi la Sigi, lililoachana na njia kuu pale Tengeni, karibu na Muheza, likapanda kuelekea misitu ya Usambara Mashariki. Lilijengwa kati ya mwaka 1904 na 1910, lilikuwa na urefu wa kilomita 23 na upana wa sentimita 75 tu, kwa hiyo mbao zilipakuliwa na kupakiwa upya pale lilipokutana na njia kuu. Ukililinganisha na Kahe utaona kwa nini nimesisitiza sana upana wa reli: tawi la Sigi halikudumu, na leo limekwisha kabisa. Wakati wa vita Wajerumani walitandika pia reli nyepesi ya kusukumwa kwa mikono kutoka Mombo hadi Handeni, nayo ilikwisha na vita.

Kwa swali lako la pili, anayetoka Moshi kwenda Arusha akae upande wa kulia, ambako atakuwa na Kilimanjaro nyuma ya bega, kisha Meru mbele yake. Upande wa kushoto una mbuga na, hali ya hewa ikiruhusu, milima ya Lelatema kusini. Ukivuka Kikafu uangalie chini mapema, kwa sababu daraja linapita haraka.